Tunda au mboga? Namna ya kumfundisha mtoto kwa vitu vya sokoni kwetu, Mtwara na Lindi

Nyanya ni tunda au mboga? Bibo je, mbona mbegu yake inaning'inia nje? Karanga inatoka ardhini, basi si mzizi? Maswali haya hayaishi, na wanaoulizwa ni wazazi, bibi na babu, na walimu wa chekechea na darasa la kwanza. Wengi hujibu haraka: tunda ni tamu, mboga si tamu. Mtoto anaishika kanuni hiyo, halafu anakutana na ndimu, ukwaju na mua, na kila kitu kinavurugika.

Njia iliyo hapa ni ya kutenganisha maswali mawili ambayo kwa kawaida huulizwa kama swali moja. Swali la kwanza ni la mmea: kitu hiki ni sehemu gani ya mmea? Swali la pili ni la jikoni: nyumbani kinaliwa vipi? Swali la mmea lina jibu moja, uwe Newala au Kilwa. Swali la jikoni hujibiwa na kila nyumba kwa desturi yake. Kitu kimoja kinaweza kuwa tunda kwa swali la kwanza na mboga kwa swali la pili, na hakuna kosa lolote hapo.

Somo hili linawafaa watoto wa miaka 5 hadi 9. Kwa wa miaka 5 na 6 tenga dakika 40, kwa wakubwa saa nzima. Ukiona wanaanza kuchezea mboga, simamisha, umalizie kesho.

MTU MZIMA AJUE HILI KWANZA

Kwa upande wa mmea, tunda ni kile kinachotokana na ua na kubeba mbegu. Chini ya ua, au katikati yake, kuna kifuko kidogo chenye mbegu changa. Petali zikinyauka na kudondoka, kifuko kile hukua, nacho ndicho tunda. Kiwe kitamu, kichungu, kikavu au kikali, hilo halibadilishi kitu.

Mboga ni neno la jikoni. Inaweza kuwa jani (mchicha, kisamvu), mzizi (karoti), ua (maua ya maboga yanayopikwa pamoja na majani yake), au tunda lenyewe (bamia, nyanya). Kitunguu maji ni majani yaliyonenepa na kushikamana. Hayo yanatosha, usiwamiminie watoto zaidi ya hapo siku ya kwanza.

MAHITAJI

Vitu hivi ni kwa watoto 6. Wakizidi, fanya makundi mawili yenye vitu vyao, kwa sababu asiyeshika kitu mkononi hubaki kutazama wenzake.

- Nyanya 2, bamia 4, nyanya chungu 2, tango 1, pilipili hoho 1
- Fungu 1 la mchicha na fungu 1 la matembele
- Karoti 1 yenye majani yake ukiipata, na kitunguu maji 1
- Ndizi mbivu 2, ndimu 1, papai dogo 1
- Embe 1, kama ni msimu
- Kipande cha mua chenye urefu wa kiganja
- Muhogo 1 mbichi
- Mmea mzima wa karanga uliong'olewa pamoja na mizizi, kama shamba lipo karibu
- Bibo 1 likiwa bado na korosho yake
- Kamba 2, kila moja mita 3. Kamba ya mita 3 ikizungushwa hutoa duara lenye upana wa karibu mita 1. Uani kwenye mchanga unaweza kuchora kwa kijiti badala ya kamba
- Kisu, ubao wa kukatia, sahani nyeupe, beseni 2, sabuni, mkeka

Huhitaji vyote. Vitu 10 vinatosha, mradi kuwe na angalau majani ya aina mbili, kitu kimoja cha ardhini, matunda matamu mawili, na matunda yasiyo matamu matatu. Hayo ya mwisho usiyapunguze hata kidogo, kwani bila bamia, nyanya na nyanya chungu somo lote linarudi kwenye "tunda ni tamu".

Angalia msimu kabla hujapanga siku. Mabibo huku kwetu hupatikana kuanzia Septemba mpaka Desemba, na maeneo mengine mpaka Januari. Maembe hujaa kuelekea mwisho wa mwaka. Mboga za majani ni nyingi na rahisi wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili. Kiangazi utategemea bustani za kumwagilia mabondeni, na fungu litakuwa dogo kwa bei ileile. Karanga zenye mmea wake zitafute karibu na mavuno. Kama unataka bibo na mchicha siku moja, Desemba ndio mwezi wa kulenga.

TAHADHARI

Soma sehemu hii yote, hata kama umeshazoea vitu hivi.

Korosho yenye ganda. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, mdomo na macho. Mtoto asiliume, asilipasue, asilitupe motoni. Hata moshi wake unawasha macho na kifua. Katika somo hili korosho inaangaliwa ikiwa nzima, mikononi mwako wewe.

Kisamvu na muhogo mchungu. Vikiwa vibichi vina sumu inayoondoka kwa kutwanga au kuloweka, kisha kupika vizuri. Ndiyo maana kwenye orodha kuna matembele badala ya kisamvu. Muhogo waguse tu, wasiutafune.

Kukabwa. Punje za karanga, mbegu za zambarau na vipande vikubwa vya karoti mbichi si vya kumpa mtoto chini ya miaka 4. Kama wadogo wapo karibu, waweke na mtu.

Pilipili. Hoho ni salama. Pilipili kali usiilete kabisa, maana mkono ulioishika utaenda jichoni kabla hujasema neno.

Utomvu. Utomvu wa embe lililochumwa muda huo na wa papai bichi huwasha ngozi za baadhi ya watu. Osha vizuri, na mtoto mwenye ngozi inayodhurika kirahisi asilishike embe kwenye kikonyo. Bibo linaacha doa la kahawia lisilotoka kwenye nguo, kwa hiyo wasivae sare ya shule.

Kukata ni kazi ya mtu mzima. Watoto wanafungua kwa vidole baada ya wewe kupasua.

HATUA

1. Osha kila kitu, kisha vichanganye vyote mkekani.

Osha kwa maji safi kwenye beseni la kwanza, suuza kwenye la pili. Vile watakavyoonja (ndizi, tango, papai, embe, mua, ndimu) suuza kwa maji yaliyochemshwa au kutibiwa. Watoto nao wanawe mikono kwa sabuni. Usipange vitu kwa makundi. Kama mchicha na matembele vimekaa upande mmoja na ndizi na embe upande mwingine, umeshawapa jibu.

2. Waambie wapange wenyewe.

Sema: "Matunda wekeni huku, mboga wekeni kule." Wape dakika 5, usiwasahihishe. Mara nyingi nyanya, bamia na hoho zitaenda kwa mchicha, na mua utaenda kwa ndizi. Waulize sababu: "Kwa nini umeweka hapa?" Wengi watasema "kwa sababu ni tamu" au "kwa sababu mama anapika". Yakumbuke majibu hayo, utayatumia hatua ya 6 na ya 7.

Kosa la kawaida hapa ni mtu mzima kukatiza kwa "hapana, nyanya ni tunda!" Mtoto atakariri nyanya tu, na bamia itabaki palepale ilipokuwa.

3. Onyesha mmea mmoja mzima.

Ng'oa mmea mmoja wa bamia ulioanza kuzaa. Huu ndio mmea bora kwa kazi hii, maana kwa wakati mmoja una mizizi, shina, majani, ua la njano lenye kiini cha zambarau iliyokolea, bamia changa na bamia iliyokomaa. Taja sehemu kutoka chini kwenda juu huku mtoto akigusa: mzizi, shina, jani, ua, tunda. Kisha pasua bamia wafike kwenye mbegu. Usipopata mmea, chora kwa mkaa sakafuni, lakini mchoro haufiki hata robo ya mmea wenyewe.

4. Waonyeshe ua linalogeuka tunda.

Ukiruka hatua hii, zitakazofuata zitakuwa za kukariri. Nenda kwenye boga au tango linalochanua. Mimea hii ina maua ya aina mbili. Ua dume limekaa juu ya kikonyo chembamba kilichonyooka. Ua jike lina kiboga kidogo au kitango kidogo chini yake, kimeshaumbika kabla hata ua halijanyauka. Mtoto akiona kiboga cha ukubwa wa gololi kikiwa na ua kichwani, swali la "tunda linatoka wapi" limejibiwa bila maelezo yoyote.

Nenda asubuhi, kabla ya saa 3. Maua ya boga hufunguka alfajiri na kujifunga jua likipanda. Na usishangae kukuta maua dume matupu: mmea mchanga hutanguliza madume, majike hufuata wiki moja au mbili baadaye. Rudi wiki ijayo, au tafuta mmea mkubwa zaidi. Waambie watoto wasichume ua jike, maana wakilichuma boga limepotea.

Kama hakuna boga, angalia mgomba wenye mkungu mchanga. Kila kidole cha ndizi changa kina ua kwenye ncha yake. Hata ndizi iliyoiva ina kidoa cheusi kwenye ncha: ni pale ua lilipokuwa limekaa.

5. Pasua, mmoja mmoja, kwenye sahani nyeupe.

Anza na bamia kwa kukata mduara: watoto wataona nyota ya vyumba vitano, kila kimoja na mbegu zake. Kisha nyanya kwa mduara, si kwa urefu, ili vyumba vyenye majimaji na mbegu vionekane. Hoho ipasue kwa urefu, waone mbegu zilivyokusanyika kwenye kiini cheupe. Tango, nyanya chungu, ndimu, papai. Embe lina mbegu moja tu ndani ya kokwa.

Ndizi iache mwisho. Ikate kwa mduara, uwaonyeshe vidoa vidogo vyeusi katikati. Hivyo ni mbegu ambazo hazikukua. Ndizi tunazokula zimechaguliwa na binadamu kwa vizazi vingi mpaka mbegu zikafifia. Migomba ya porini huzaa ndizi zenye mbegu kubwa ngumu. Mtoto wa miaka 5 anatosheka na "mbegu zake ni ndogo sana, hazioti".

Halafu pasua karoti, kitunguu, mua na muhogo. Hamna mbegu. Tikisa fungu la mchicha: majani na vikonyo.

6. Tandaza kamba ya kwanza: duara la tunda.

Sema: "Humu kinaingia kile kilichoanza kuwa ua na kina mbegu ndani." Mtoto anachukua kitu kimoja, anauliza maswali mawili kwa sauti, "Kilianza kuwa ua? Kina mbegu?", kisha anakiweka ndani au nje. Mwenzake anakubali au anabisha kwa sababu. Ndani mtapata embe, ndizi, ndimu, papai, nyanya, bamia, nyanya chungu, hoho na tango. Nje watabaki mchicha, matembele, karoti, kitunguu, mua na muhogo.

Sasa rudi kwenye sababu ya "ni tamu". Waonje kipande kidogo cha mua na tone la ndimu. Mua ni mtamu kuliko vyote na uko nje, kwa sababu ni shina. Ndimu ni chachu na imo ndani. Wape muda walijadili wenyewe. Hapo ndipo kanuni ya utamu inapokufa, na ikifia mdomoni mwa mtoto hairudi.

Usiitandaze kamba ya pili mapema. Kamba mbili kwa mpigo ndicho chanzo kikubwa cha vurugu katika somo hili.

7. Tandaza kamba ya pili: duara la mboga ya jikoni.

Ilaze ipandane na ya kwanza kiasi cha theluthi, ili katikati pabaki nafasi ya vitu vya pande zote mbili. Swali sasa ni jingine: "Nyumbani kwenu, hiki kinapikwa kuwa mboga ya kulia ugali au wali?" Mchicha, matembele, karoti na kitunguu vinaingia duara la pili. Nyanya, bamia, nyanya chungu na hoho zinabebwa kutoka kwenye tunda na kuwekwa katikati. Ndimu, ndizi mbivu na embe vinabaki kwenye tunda peke yake.

Hapa watoto watatofautiana, na waache watofautiane. Nyumba moja hupika papai bichi, nyingine haijawahi. Boga kwa wengine ni la kuchemsha na kunywea chai, kwa wengine ni mboga. Ndizi mbichi kwa samaki ni mlo kamili kwingine. Kwenye duara la jikoni kila mtoto ni sahihi kwa nyumba yao. Kwenye duara la tunda hakuna mjadala: boga lilikuwa ua, lina mbegu, limemalizika. Rudia tofauti hii kila wanapobishana.

Watu wazima nao wameshabishana mpaka mahakamani. Mwaka 1893 kesi ya nyanya ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani: waagizaji walidai nyanya ni tunda, hivyo zisitozwe ushuru wa asilimia 10 uliowekwa kwa mboga na sheria ya 1883. Mahakama ilikubali kwamba kwa elimu ya mimea nyanya ni tunda, ila ikaamua kwamba sokoni na mezani watu huitumia kama mboga, na ushuru ukabaki. Wasimulie wa darasa la tatu, wanaipenda sana.

8. Vitu vinavyobaki nje ya maduara yote mawili.

Muhogo na mua havina duara. Muhogo ni mzizi, na jikoni ni chakula chenyewe, si mboga. Mtoto asilazimishwe kuviingiza mahali. Mwambie wazi kwamba chakula si matunda na mboga tu. Lakini majani ya muhogo huohuo, kisamvu, yanaingia duara la mboga: mmea mmoja, sehemu mbili, kazi mbili.

9. Karanga.

Shika mmea ulioung'oa, uuning'inize mizizi ikiwa chini. Watoto karibu wote watasema karanga ni mzizi. Sasa fuata ganda moja kwa kidole: limeshikwa na kijiti chembamba, na kijiti hicho kinatoka kwenye shina, hakitoki kwenye mzizi. Ua la karanga ni la njano, linachanua juu ya udongo. Likishachavushwa, kijiti huota, huinama, hupenya udongoni kikiwa na mbegu changa kwenye ncha, na huko chini ndiko ganda linakokulia. Karanga ni tunda lililojificha. Njugu mawe vilevile.

Angalia wasichanganye na vile vinundu vidogo vilivyoshikana na mizizi. Si karanga changa. Ni makazi ya bakteria wanaousaidia mmea kupata naitrojeni. Kwa mtoto sema "vijumba vya vijidudu rafiki" uendelee.

10. Bibo na korosho.

Kwa mtoto wa Mtwara na Lindi swali hili ni la lazima, na ndilo linalowashinda wengi. Shika bibo, korosho ikining'inia. Uliza: "Mbegu iko wapi?" Wataonyesha korosho. "Basi tunda ni lipi?" Hapo watanyamaza.

Jibu: tunda la mkorosho kwa elimu ya mimea ni korosho yenyewe na ganda lake. Ndiyo iliyotokana na kile kifuko cha ua, na mbegu imo ndani. Bibo ni kikonyo kilichovimba, kikajaa maji na sukari. Ushahidi uko mtini. Nenda kwenye mkorosho ua linapokwisha: utaona kwanza korosho changa ya kijani imekaa kwenye kikonyo chembamba, bila bibo. Korosho inakua mpaka inafikia ukubwa wake, ndipo kikonyo kinapoanza kunenepa nyuma yake na kugeuka jekundu au la njano. Tangu kushika mpaka bibo kuiva ni kama miezi 2, kwa hiyo mtoto anaweza kufunga uzi kwenye tawi moja na kulifuatilia kila Jumamosi.

Liweke wapi? Korosho iingie duara la tunda. Bibo liweke nje, karibu na mua, kwa kuwa vyote ni vikonyo na mashina matamu. Mtoto akipinga kwamba bibo linaliwa kama tunda, mwambie ni kweli, mdomoni linaliwa kama tunda, na sokoni hakuna atakayelikataza jina hilo. Swali letu lilikuwa la mmea. Kwa wa miaka 5, ishia kwenye "korosho ndiyo yenye mbegu".

11. Otesha ushahidi.

Toboa makopo 4 matundu manne chini kwa msumari. Jaza udongo uliochanganywa na mbolea ya samadi iliyooza, kwani mchanga mtupu wa pwani haushiki maji. Panda hivi:

- Kopo la 1: mbegu 3 za bamia iliyokaukia mtini, zilizolowekwa usiku mmoja, kina cha sentimita 2. Huota siku 5 hadi 10.
- Kopo la 2: mbegu 3 za boga lililokomaa, sentimita 2 hadi 3. Siku 5 hadi 10.
- Kopo la 3: mbegu 3 za nyanya mbivu, zilizosuguliwa na kuoshwa ute wote, sentimita 1. Siku 6 hadi 10.
- Kopo la 4: kipande cha mzizi wa muhogo. Huu hauoti, unaoza.

Kando, kata kichwa cha karoti sentimita 2 na ukiweke kwenye kisahani chenye maji kidogo. Kitatoa majani baada ya siku chache, lakini karoti mpya haitatoka. Mimea ya muhogo hupandwa kwa kipande cha shina cha sentimita 20 hadi 30, na matembele kwa marando. Mtoto ataona mwenyewe: kilicho tunda kina mbegu inayoendeleza mmea, na kisicho tunda kinahitaji njia nyingine.

Weka kivulini, mwagilia nusu glasi kila asubuhi. Zikishaota zisogeze kwenye jua la asubuhi.

12. Pima kwa kitu ambacho hawakukiona.

Siku ya tatu au ya nne, leta kitu kipya: biringanya, ubuyu, mbaazi mbichi zenye maganda, au nazi. Mpe mtoto bila maelezo. Akiuliza mwenyewe "kilianza kuwa ua?" somo limeingia, hata akikosea jibu. Kwa mbaazi, ganda ndilo tunda na punje ni mbegu. Nazi ni tunda, ingawa hakuna anayeipanga na maembe; yale macho matatu kwenye kifuu yanaonyesha mahali pa chipukizi, na moja ndilo linalofunguka.

UKIKWAMA

"Mchicha una mbegu pia, niliziona!" Mtoto huyu ana macho mazuri, msifu. Mchicha ukikomaa hutoa maua na vimbegu vidogo vyeusi juu. Ila sisi tunachuma majani. Swali linahusu kipande tulichokishika mkononi, si mmea wote.

"Mboga ni samaki." Nyumbani wameambiwa "leo mboga ni dagaa", na hawajakosea. Kabla ya kamba ya pili sema, "Leo tunapanga vinavyoota tu." Uyoga wa mvua ukiletwa, unaota, unapikwa, unaingia duara la mboga, si mmea, lakini hilo liache mpaka darasa la juu.

Nanasi na fenesi havina sura ya tunda moja. Ni kweli: kila jicho la nanasi lilikuwa ua lake, maua mengi yakaungana. Fenesi hivyohivyo, na kila kokwa lenye nyama yake limetoka kwenye ua mmoja. Yote mawili yaweke kwenye tunda.

Mtoto hataki kugusa bamia kwa sababu ya mlenda wake. Mpe iliyokomaa na kukauka. Haina ute, na ukiitikisa mbegu zinalia ndani.

Mmoja anajibu kila kitu, wengine kimya. Gawa vitu kabla ya kuanza, kila mtoto viwili vyake, na asiongee mwingine mpaka mwenye kitu amalize.

Tikiti maji halina mbegu. Kuna aina zinazozalishwa hivyo. Tafuta vijiganda vidogo vyeupe, ni mbegu zisizokomaa. Nalo lilianza kuwa ua, kwa hiyo ni tunda.

Mbegu hazikuota. Bamia na boga lililonunuliwa changa halina mbegu zilizokomaa; tumia bamia kavu na boga gumu ambalo ukucha hauingii. Ikiwa ni papai, sababu ni ule ute unaofunika mbegu, nao huzuia kuota: zisugue kwenye chujio mpaka utoke wote, zianike kivulini siku moja, panda sentimita 1, na subiri wiki 2 hadi 4. Kokwa la embe lioteshe lingali bichi, siku chache baada ya kula embe, maana likikauka kabisa hufa. Udongo ukinuka, maji yamezidi: angalia matundu ya kopo yasiwe yamezibwa, na punguza iwe nusu glasi kila baada ya siku mbili.